Ngazi ya Furaha na Mkulima wa Nachingwea

Tangu mwaka 2012 imekuwa ikitolewa Ripoti ya Furaha Duniani, ambayo huzipanga nchi kwa kadiri ya furaha ya watu wake. Katika toleo la mwaka 2018 Finland ilikuwa ya kwanza, na Tanzania ya 153 kati ya nchi 156. Somalia, pamoja na vita vyake vya miaka mingi, ilikuwa ya 98. Ni rahisi kuipokea orodha hiyo kama hukumu, na ni rahisi zaidi kuicheka. Makala haya yanakusudia kuihakiki: je, kilichopimwa ni furaha?

Msingi wa orodha ni swali moja lililobuniwa na Hadley Cantril, mwanasaikolojia wa Marekani, ambaye alilieleza katika miaka ya 1960. Mtu huambiwa afikirie ngazi yenye vipandio kutoka 0 hadi 10. Juu kabisa pana maisha yaliyo bora kupita yote yanayowezekana kwake, na chini kabisa maisha mabaya kupita yote. Kisha huulizwa amesimama wapi. Neno furaha halimo katika swali hilo. Lugha yetu hutofautisha raha ya mwili, furaha ijayo na kuondoka, moyo ulioridhika, na ile heri ambayo katika Mathayo 5 hupewa hata wenye huzuni. Swali la ngazi huuliza jambo jingine: umbali kati ya mahali mtu alipo na mahali anapoona angeweza kufika.

Tumchukue mkulima wa korosho wa Nachingwea au Ruangwa. Katika msimu wa 2017/18 bei kwenye baadhi ya minada ya kusini ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Oktoba 2018 wakulima walikataa bei ndogo waliyopewa. Novemba serikali ikatangaza kununua kwa shilingi 3,300, na malipo ya wengi yakachelewa. Mkulima aliyekwisha kuionja bei ya juu huenda akajiweka chini kuliko jirani asiyeijua kamwe. Kipandio chake kimeshuka kwa sababu tumaini lake lilipanda.

Tena, ngazi humpima mtu akiwa peke yake. Vijana wa Kimwera wanapotoka jandoni, furaha ni ya ukoo mzima. Muulize baba kando, naye huenda akataja deni la sherehe.

Nachingwea yaijua hasara ya kipimo pungufu. Mwaka 1947 Uingereza ilianza mradi wa karanga huko, na pia Kongwa na Urambo, ikikusudia ekari zaidi ya milioni 3. Reli ikajengwa kutoka pwani. Mwaka 1951 mradi uliachwa, pauni zipatazo milioni 36 zikiwa zimepotea, na reli ikang'olewa baadaye. Ekari zilihesabiwa kwa bidii, lakini mvua na udongo havikuchunguzwa vya kutosha.

Hata hivyo, tusiseme kwamba furaha haipimiki na kwamba orodha ni upuuzi mtupu. Hapo ndipo ilipo hatari ya mimbari. Mama aamkaye alfajiri kutafuta maji na kuimba kwaya siku ya Jumapili hajathibitisha kwa wimbo wake kwamba hahitaji kisima. Paulo aliwaandikia Wafilipi habari za furaha akiwa kifungoni, wala hakukisifu kifungo. Na Luther, kule Heidelberg mwaka 1518, alimtambua mwanateolojia wa msalaba kwa kutoupa ubaya jina zuri. Mtu akisema yuko kwenye kipandio cha 3, ametuambia kweli juu ya maisha yake, hata kama hakutuambia lolote juu ya furaha yake.

Hivyo basi, mchungaji asiitumie ripoti kuwaambia washarika kwamba hawana furaha, wala asiitumie furaha yao kuwanyamazisha. Na awaulize kwa nini wamesimama hapo, na ni nini kingewapandisha kipandio kimoja. Jibu la swali hilo la pili lapimika: kwa ndoo za maji, kwa kilo za korosho, na kwa siku za kungoja malipo.