Riwaya ya Simbamwene: Gharika Si Hukumu

Ndugu msomaji, neno riwaya tumelipokea kutoka Kiarabu. Kwa wanazuoni wa Hadithi ni upokezi wa habari. Kwa waandishi wetu ni kisa cha kubuni. Mwenye kutunga riwaya ya kihistoria amebeba maana zote mbili, wala kubuni hakumvui amana.

Mfano uko katika mkoa wetu. Simbamwene binti Kisabengo alirithi mji wa baba yake, ilipo Morogoro ya leo, akatoza hongo misafara iliyokwenda bara kupitia uwanda wa Mkata, ulio kati ya Morogoro na Kilosa. Mwaka 1871 Stanley alikataa kumlipa, na baadhi ya askari wake wakazuiliwa mjini. Aliporudi mwaka 1872, baada ya kimbunga cha Aprili kilichoipiga Unguja, Mkata ilikuwa imejaa maji. Akaandika kwamba mto umebomoa ukuta wa mji na nyumba zipatazo 50, na mtawala amekimbia.

Mtunzi hushawishika kukimaliza kisa hiki kirahisi: mwanamke alijitawala, gharika ikamtia adabu. Tunalipinga hilo kwa hoja tatu.

Kwanza, jamhuri ya mafakihi hawapokei ushahidi wa mtu dhidi ya hasimu wake. Ukuta uliobomoka Stanley aliuona. Lakini aliyoyasema juu ya mwanamke aliyegombana naye yapimwe.

Pili, kukimbia si kufa. Aliyepotea huhesabiwa yu hai mpaka ithibitike vinginevyo au kadhi ahukumu. Basi mtunzi asiharakishe kumzika; amfuate huko alikokimbilia.

Tatu, Suuratun-Naml inamtaja malkia wa Sabaa akiwashauri wakuu wake, na mwisho akasilimu. Mafuriko ya Arim yametajwa katika Suurat Sabaa, na sababu yake ni watu kuacha kushukuru, si utawala wa mwanamke. Na Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) amemhesabu aliyekufa maji miongoni mwa mashahidi. Nani basi atathubutu kusema kila gharika ni adhabu?

Haya si ya vitabuni tu. Mafuriko ya Kilosa ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliwaacha maelfu bila makazi. Wamo wajane na akina mama waliokuwa wakijitegemea kwa jembe na biashara ndogo. Atakayeandika visa vyao asiwaongezee msiba kwa kuwatungia dhambi.

Wallaahu a'lam.