Nani Mwenye Kizimba? Sauti na Ukimya katika Filamu Tatu za John Ford

Uwakilishi wa makundi yaliyotengwa katika filamu za kauboi za Marekani mara nyingi hupimwa kwa kuangalia ni nani anayeonekana kwenye skrini. Kipimo hicho kina manufaa, lakini hakitoshi. Mhusika anaweza kuonekana tangu mwanzo hadi mwisho na bado asipewe nafasi ya kujisemea. Tahakiki hii inashikilia kwamba suala la msingi ni umiliki wa usimulizi, na kwamba pale John Ford alipolipa kundi moja sauti, gharama yake ilikuwa ukimya wa kundi jingine.

The Searchers (1956) inamkosoa waziwazi Ethan Edwards, ambaye chuki yake dhidi ya Wakomanche inamfikisha hatua ya kutaka kumuua binti wa ndugu yake aliyetekwa na kulelewa nao. Hata hivyo, Scar, chifu wa Wakomanche, aliigizwa na Henry Brandon, mzaliwa wa Ujerumani, huku Wanavajo wakiigiza wapiganaji wake. Scar anataja kuwa wanawe wawili waliuawa na wazungu. Kauli hiyo ingeweza kufungua kisa kizima cha upande wa pili, lakini inapita upesi na hairejelewi.

Katika Sergeant Rutledge (1960) hali inabadilika. Braxton Rutledge, anayeigizwa na Woody Strode, ni sajini mweusi wa Rejimenti ya 9 ya wapanda farasi, anayeshtakiwa katika mahakama ya kijeshi kwa kumbaka na kumuua msichana mzungu na kumuua baba yake. Kwa kutumia mbinu rejeshi, filamu inamjenga Rutledge kupitia ushahidi wa watu wengine kabla ya kumpandisha yeye mwenyewe kizimbani. Ucheleweshaji huo una athari mbili. Kwa upande mmoja, unamweka katika hali ya kujadiliwa kama kitu. Kwa upande mwingine, unaupa ushahidi wake uzito mkubwa: anapoulizwa kwa nini alirudi kuwaonya wenzake ilhali alikwisha kutoroka, jibu lake linaihusisha rejimenti na makao, uhuru na heshima yake. Hapo mshtakiwa anakuwa msimulizi wa nafsi yake. Lakini anayemfichua mhalifu halisi ni wakili wake mzungu, Luteni Cantrell.

Tatizo zito zaidi limo ndani ya ushahidi huo huo. Heshima ya Rutledge inathibitishwa katika mapigano dhidi ya Waapache, ambao filamu haiwapi jina, dai wala neno mahakamani. Askari anayekufa anatilia shaka maana ya kupigana vita vya mzungu. Rutledge anamjibu kuwa wanapigania fahari yao wenyewe. Jibu hilo lina ukweli wa kisaikolojia, kwa kuwa jeshi lilikuwa miongoni mwa njia chache za hadhi kwa watu weusi baada ya utumwa. Hata hivyo, filamu haithubutu kulirudia swali la askari yule, ingawa ndilo linaloigusa misingi ya utanzu mzima.

Cheyenne Autumn (1964) inaweza kusomwa kama jaribio la kulipa deni hilo. Safari ya Wacheyenne ya 1878, kutoka hifadhi walikopelekwa kurudi nchi yao ya kaskazini, inasawiriwa kwa huruma. Lakini viongozi wao wawili waliigizwa na Ricardo Montalban na Gilbert Roland, wazaliwa wa Meksiko, lugha iliyosikika ni Kinavajo, na sauti ya msimulizi ni ya Kapteni Archer, ofisa wa jeshi linalowafukuza. Mateso ni ya Wacheyenne. Maelezo ya mateso hayo ni ya mwingine.

Kwa hiyo, filamu hizi hazipaswi kutetewa kwa hoja kuwa nyakati zilikuwa tofauti, wala kukataliwa kwa sababu ya mapungufu yake. Sergeant Rutledge yenyewe inatoa kigezo cha kuzipima zote: ni nani anayeitwa kizimbani, na ni nani asiyeitwa kabisa.