Kona Iliyobaki Wazi

Chukua mraba ambao upande wake huujui. Ongeza kwenye eneo lake mara kumi ya upande huo, jumla iwe 39. Upande ni ngapi? Mwanafunzi wa sekondari ataandika x² + 10x = 39, kisha wengi watakimbilia kanuni waliyoikariri. Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu chake cha aljebra Baghdad mwanzoni mwa karne ya 9, zama za Khalifa al-Ma'mun, hakuwa na x wala alama ya kujumlisha. Alieleza kila kitu kwa maneno, hata namba. Halafu akachora.

Anachora mraba. Ile kumi anaigawa mbili, kisha anaubandika mstatili wenye upana wa 5 ubavuni mwa mraba, na mwingine kama huo ubavu wa jirani. Umbo zima sasa lina eneo la 39, na limekaribia kuwa mraba mkubwa, ila kona moja iko wazi, kama sakafu ambayo fundi amebakiza kigae kimoja. Kona hiyo ni 5 kwa 5, yaani 25. Izibe: 39 na 25 ni 64. Mraba mkubwa una upande wa 8. Toa 5 za ule mstatili, inabaki 3. Hakiki: 9 na 30 ni 39.

Aliyekariri tu hajui kwa nini kumi inakatwa nusu, wala 25 imetoka wapi. Mchoro unamwonyesha: ukiubandika mstatili mzima upande mmoja, utapata mstatili mrefu tu, usio na kona ya kuziba. Al-Khwarizmi ana mchoro mwingine pia, wenye mistatili minne ya upana wa 2½ kuuzunguka mraba na kona nne za 6¼ kila moja. Unapendeza zaidi kwa macho, na kona zake zinafika 25 ileile, lakini mimi nauchagua ule wa kwanza kwa uchache wa kazi.

Njia ya vigawo ni ya haraka namba zikikubali: (x + 13)(x − 3) = 0, umemaliza. Badilisha 39 iwe 40, na vigawo vya namba nzima havipatikani. Mraba haujali. 40 na 25 ni 65. Upande ni kipeuo cha pili cha 65 kutoa 5, kama 3.06. Na ile kanuni ndefu yenye 2a chini yake ni kazi hiihii ya kuziba kona, iliyofanywa mara moja kwa herufi ili isirudiwe.

Jibu la −13 mchoro hauwezi kulitoa, kwa kuwa hakuna ubavu wenye urefu hasi. Kwa sababu hiyo al-Khwarizmi aliigawa milinganyo yake katika aina sita, kila namba ikae upande ambao ni chanya. Aina moja ina ladha yake: mraba pamoja na 21 ni sawa na mara kumi ya upande. Nusu ya kumi ni 5, mraba wake 25. Toa 21, inabaki 4, kipeuo chake 2. Toa 2 kwenye 5 upate 3, au ongeza upate 7. Yote mawili ni majibu, naye aliyakubali yote. Akaonya kwamba kama badala ya 21 ingekuwepo namba inayozidi 25, swali halina jibu. Na ikiwa 25 yenyewe, upande ni ile nusu, 5, bila kuongeza wala kupunguza.