"Kufifia" na "Tuli" katika Mawasiliano ya Magari

Tumeletewa rasimu ya tafsiri ya mwongozo unaohusu magari yanayopashana habari kwa redio, hasa kuonyana juu ya breki za ghafla. Lugha yake ni safi. Hata hivyo, istilahi mbili zinatutia shaka.

Ya kwanza ni "kufifia". Kitambaa hufifia kwa jua. Taa hufifia mafuta yanapokwisha. Kilichofifia hakirudi chenyewe. Lakini katika masafa ya gigahezi 5.9, ambayo Marekani iliwatengea wenye magari mwaka 1999 na kuyapunguza mwaka 2020, urefu wa wimbi ni kama sentimita 5 tu. Mawimbi yaliyogonga malori, kuta na ardhi hufika kwa njia nyingi, yakaongezana au yakafutana, hata nguvu ipokewayo ikaanguka na kupanda tena gari likiwa limesogea sentimita chache. Wako wapendao "kupwa na kujaa". Neno ni tamu. Lakini mvuvi huijua saa ya maji kupwa, ilhali mhandisi hapa ajuacho ni uwezekano tu, auelezao kwa mitawanyo yenye majina ya Rayleigh na Rice. Sisi twapendelea "myumbo".

Ya pili ni nzito zaidi. Rasimu yaagiza vipimo vichukuliwe "chaneli ikiwa tuli". Mkaguzi atakayesoma hivyo ataegesha magari! Kilichokusudiwa ni kipindi ambacho wastani na mtawanyo wa mawimbi haubadiliki, hata magari yakienda mbio. Katika simu za mkononi, mnara umesimama juu. Hapa pande zote mbili zaenda, nazo antena ziko chini. Akki na Haber walitoa kielelezo cha hali hiyo mwaka 1986, lakini barabarani takwimu zenyewe hugeuka mara lori linapoingia katikati. Magari yakikabiliana kwa mwendo wa jumla wa kilomita 200 kwa saa, masafa husogea kwa hezi 1,090 hivi. Aliyepima magari yaliyoegeshwa hataliona badiliko hilo, naye atakipitisha chombo kisichofaa.

Twashauri "thabiti kitakwimu". Ni refu, twakiri. Lakini "thabiti" peke yake fundi angeielewa kuwa isiyokatika. "Chaneli" ibaki: "njia" ingegombana na barabara, na "mkondo" umekwisha chukuliwa na mafundi wa umeme. Walimu wa fizikia watuletee maoni yao kabla rasimu haijapigwa chapa.