Pongezi kwa Mhariri wa Kamera Tatu
Harusi ikirekodiwa kwa kamera tatu, sifa humwendea mpiga picha; mhariri hatajwi, na huo ni uonevu. Yeye ndiye anayegundua kwa nini midomo ya mshereheshaji haiendi na maneno yake. Mara nyingi chanzo ni kasi ya fremu: video ya fremu 29.97 kwa sekunde ikisomwa kama 30, baada ya saa moja picha na sauti zimepishana kwa sekunde 3.6. Simu ndizo kero kubwa, maana kasi yake hupanda na kushuka katika klipu ileile, kwa hiyo mhariri huigeuza klipu hiyo kwanza iwe na kasi moja. Watu watasema siku hizi programu hupanga kamera zenyewe kwa kulinganisha sauti. Kweli, tena huokoa muda mwingi. Lakini sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Kamera iliyo mita 34 kutoka kwenye spika huipata ikiwa imechelewa fremu mbili na nusu, kwa kasi ya 25. Programu italinganisha sauti barabara, huku picha ya kamera hiyo ikitangulia. Hapo ndipo mhariri hutazama kiganja cha mpiga ngoma kinapogusa ngozi, kisha akaichelewesha klipu fremu mbili.