Plastiki ikigandia bledi, anza na ndoo ya maji

Kwenye karakana moja ya samani pale Keko, Dar es Salaam, mteja alileta mashiti meupe ya unene wa milimita 20, yakatwe vibao vya kukatia nyama vichukue nafasi ya gogo la bucha. Alisema ni plastiki, basi. Fundi akayapitisha kwenye msumeno wa meza kwa bledi ileile ya kukatia mbao. Kabla shiti la pili halijaisha, mashine ilianza kunguruma, pakatoka harufu kama ya mshumaa uliozimwa. Akazima, akachomoa plagi ukutani, akafungua nati. Bledi ilikuwa imevaa ukanda mweupe pande zote mbili, na mapengo ya meno yameziba.

Bledi ya inchi 10 ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, jino lake hupita kwa kasi ya zaidi ya mita 50 kwa sekunde. Kwenye mbao, joto kubwa hutoka na unga. Plastiki nayo haipitishi joto vizuri, kwa hiyo joto hubaki palepale kwenye mkato. Fundi akisukuma polepole kwa kuhofia kuharibu kazi, meno hayakati tena, yanasugua. Polithilini ngumu huyeyuka kwenye nyuzijoto 130 hivi, na msuguano hufika hapo upesi. Kisha inaganda ubavuni mwa bledi na kula ile nafasi ndogo ambayo meno, kwa kuwa mapana kuliko bamba, huiacha ili bamba lisiguse kazi. Kuendelea kukata katika hali hiyo ni hatari, maana bledi ikibanwa hurusha shiti nyuma kuelekea tumboni mwa fundi.

Walichokimbilia kwanza ni thina. Wakasugua mpaka kitambaa kikachanika, plastiki haikuhama. Kijana mmoja akapendekeza moto wa gesi, na hapo fundi mkuu alikataa, sawasawa kabisa. Bamba la bledi hunyooshwa kiwandani kwa mikazo iliyopimwa. Ukilichoma upande mmoja linapinda, na bledi iliyopinda haiaminiki tena. Isitoshe, kama ile plastiki ingekuwa PVC, moto ungetoa gesi ya asidi inayounguza mapafu.

Kilichowatoa ni ndoo. Walitupa kipande cha shiti majini, kikaelea. PVC na akriliki huzama. Polithilini na polipropilini huelea. Ukiunganisha na ile harufu ya mshumaa, ilikuwa polithilini, na polithilini haiyeyushwi na thina, petroli wala asetoni katika joto la kawaida. Ingekuwa akriliki, asetoni ingeifaa, nje kwenye hewa na mbali na cheche, maana mvuke wake hushika moto hata kwenye baridi. PVC ngumu ingelainika tu kwa asetoni, ikakwanguliwa.

Polithilini ina udhaifu mwingine: haishikani na chuma kwa dhati, inajing'ang'aniza tu, na ikipoa husinyaa takriban mara kumi zaidi ya chuma. Bledi ikafungwa kwenye mfuko, ikalazwa friza usiku kucha. Asubuhi, kipande cha mninga kilichochongwa kama patasi kilipitishwa chini ya ule ukanda ubavuni, ukabanduka kwa vipande virefu. Mapengo ya meno yalikuwa kazi nyingine. Hapo walimwagia maji yaliyochemka, plastiki ikalegea, wakaisukuma nje kwa kijiti na kumalizia kwa brashi ya waya wa shaba. Bisibisi ilikaa mbali. Ncha za kabaidi ni ngumu mno lakini hazistahimili kubanjuliwa; ikimeguka moja, bledi nzima inayumba. Mwisho wakaifuta na kuipaka oili nyepesi, maana bledi iliyotoka friza hutoa jasho na kushika kutu siku hiyohiyo.

Mashiti yaliyobaki yalikatwa kwa bledi ya kukatia plastiki, yenye jino bapa likifuatwa na jino lililokatwa pembe, na kwa msukumo usiosita. Fundi alikuwa akizima mashine kila baada ya mkato na kukagua kilichodondoka chini ya meza: chenga zilizotengana maana yake meno yanakata, zikianza kutoka kama nyuzi, bledi imepata joto na inapumzishwa kabla ya shiti linalofuata.