Siri ya Upanga Iko Kwenye Msuka

Mkulima anayenunua jembe sokoni haridhiki na kung'aa kwa ubapa. Huligeuza, akautazama msuka, ule ulimi wa chuma unaoingia kwenye mpini. Anajua kwamba msuka mwembamba utalegea, na jembe litachomoka kabla tuta la kwanza halijaisha.

Kipimo hicho hicho kinatosha kutenganisha aina mbili za panga ambazo mashabiki wa hadithi za kubuni hununua siku hizi: zinazotolewa kiwandani kwa wingi, na ule mmoja unaoagizwa kwa fundi. Zikitundikwa ukutani, ukasimama hatua tatu, huenda usizitofautishe. Tofauti yenyewe imefichwa ndani ya mpini. Tuichambue kwa kutumia upanga mmoja maarufu, Andúril, upanga wa Aragorn katika The Lord of the Rings.

Nakala ya upi?

J.R.R. Tolkien alichapisha kitabu hicho mwaka 1954 na 1955. Kuhusu Andúril alitueleza kwamba ulifuliwa upya kutokana na vipande vya upanga uliovunjika, Narsil, na kwamba ubapa wake ulichorwa nyota saba kati ya mwezi mchanga na jua lenye miale. Msomaji hakuhitaji zaidi ya hapo. Mfua chuma anahitaji mengi zaidi: urefu, unene, upana wa mfuo unaopita katikati ya ubapa, uzito wa kirungu kilicho mwisho wa mpini.

Kazi ya kuyajibu hayo iliangukia karakana ya Weta Workshop mjini Wellington, New Zealand, iliyotengeneza silaha za filamu tatu za Peter Jackson zilizotoka mwaka 2001, 2002 na 2003. Sura ya jumla ya filamu iliongozwa na wachoraji Alan Lee na John Howe. Howe hazijui panga za kale kwa kuzichora tu. Hushiriki maigizo ya maisha ya Ulaya ya Enzi za Kati akiwa amevaa deraya. Panga zenyewe zilitoka mikononi mwa fundi Peter Lyon.

Lakini upanga wa sinema si mmoja. Upo wa chuma, unaopigwa picha kwa karibu. Upo wa alumini, mwepesi, wa kugonganishwa katika mapigano bila kumchosha mwigizaji. Na upo wa mpira, wa mtu atakayeanguka au kupanda farasi nao kiunoni. Kwenye skrini zote ni Andúril. Kwa hiyo anayekuuzia "nakala ya upanga wa sinema" anastahili kuulizwa: nakala ya upi?

Njia ya kiwanda

Kampuni ya Marekani ya United Cutlery ndiyo iliyozisambaza sana nakala zenye leseni. Andúril yake ina urefu wa takriban sentimita 134, ubapa wake ni wa chuma kisichoshika kutu, na inauzwa kama pambo pamoja na ubao wa kuitundikia. Hapo hakuna udanganyifu. Pambo ndilo lililoahidiwa na pambo ndilo lililoletwa.

Chuma kinachotumika sana katika nakala za aina hii ni daraja la 420, lenye kromiamu ya asilimia 12 hadi 14. Kromiamu hiyo ndiyo inayozuia kutu. Chuma hiki ni cha bei nafuu, kinakatwa kwa mashine bila taabu, na kikisuguliwa kinang'aa kama kioo cha kujitazamia. Ni ndugu wa visu vya jikoni, na visu hivyo vinafanya kazi vizuri kwa sababu ni vifupi. Ubapa wa mita moja ni wenzo mrefu. Ncha ikigonga kitu kigumu, nguvu yote hukimbilia shinani, pale ubapa unapoingia kwenye mpini, na chuma cha aina hii kikishakuwa kirefu hivyo huwa chepesi kukatika badala ya kupinda na kurudi.

Shinani hapo ndipo nakala nyingi za bei ya chini zinapojisaliti. Badala ya msuka uliotoka kwenye ubapa wenyewe, fundi wa kiwanda huchomelea fito nyembamba yenye nyuzi za skrubu, akaipitisha ndani ya mpini na kuikaza kwa nati mwishoni. Moto wa kuchomelea unaiharibu hali ya chuma kilicho jirani, na jirani huyo ndiye anayebeba mzigo wote. Kinga ya mkono na kirungu mara nyingi ni aloi ya zinki iliyomiminwa kwenye kalibu, ikapakwa rangi ya fedha au dhahabu. Inapendeza kuitazama, ila ikigongwa inapasuka.

Njia ya fundi

Wengi wakisikia "upanga wa fundi" hufikiria fuawe, mivukuto na nyundo. Sivyo inavyokuwa kila mara. Lyon mwenyewe kwa kawaida huanza na pao la chuma cha springi, akalikata umbo, kisha akalisaga polepole hadi ubapa utokee. Kampuni ya Albion ya New Glarus, jimbo la Wisconsin, huchonga bapa zake kwa mashine zinazoongozwa na kompyuta, halafu mafundi wakazimalizia kwa mkono. Hakuna mjuzi wa panga anayeziita bandia kwa sababu hiyo. Kuwepo kwa mashine hakuufanyi upanga kuwa wa hovyo. Kinachoamua ni mambo manne: chuma, moto, unene na msuka.

Chuma kwanza. Daraja la 5160, linalopendwa na wafua panga, lina kaboni ya takriban asilimia 0.6 na kromiamu isiyofika asilimia 1. Ni aina ya chuma kinachotumika kwenye springi za malori. Wahunzi wa Afrika Mashariki hawakuhitaji sinema kuligundua hilo. Springi kuukuu za magari zimegeuzwa visu, sime na mapanga miaka nenda miaka rudi. Lakini chuma hiki kinashika kutu, na mteja anapaswa kulijua hilo kabla hajalipa.

Pili, moto. Ubapa hupashwa hadi nyuzi zinazokaribia 830 za Selsiasi. Fundi asiye na kipimajoto hutumia sumaku: chuma kikifika takriban nyuzi 770 hakivutwi tena, na hapo anajua amebakiza kidogo. Kisha unazamishwa kwenye mafuta. Ukitoka humo ni mgumu kama kioo na unavunjika kama kioo. Ndipo unapashwa tena kwa moto mdogo, wa nyuzi mia kadhaa tu, ili upunguze ugumu na upate unyumbufu. Hatua hii ya pili haionekani kwa jicho, na haiachi alama. Wanunuzi wengi hawajui kama ipo.

Tatu, unene. Upanga wa kweli unaweza kuwa na milimita 5 au 6 karibu na kinga, ukapungua hadi milimita 2 au 3 karibu na ncha. Nakala iliyokatwa kwenye bamba huwa na unene mmoja toka shina hadi ncha, kwa kuwa kusaga ni saa nyingi na saa ni pesa.

Nne, msuka. Fundi huuacha uwe kipande kimoja na ubapa, mpana kadiri mpini unavyoruhusu. Unapita hadi ndani ya kirungu, na ncha yake inagongwa kwa nyundo mpaka ivimbe kama ribiti.

Uzito unakaa wapi

Panga nyingi za Ulaya za mikono miwili zilikuwa na uzito wa kati ya kilo 1.2 na 1.8. Hata nakala ya kiwanda inaweza kuufikia uzito huo, bado ikakuchosha mkono. Chukua mchi wa kinu. Ukiushika katikati, mtoto anaweza kuuinua. Ukiushika mwisho mmoja na kuunyoosha mbele, hata mtu mzima atatetemeka. Upanga usiopungua unene hupeleka uzito kuelekea ncha. Uliosagwa vizuri huurudisha jirani na mkono.

Hata hivyo, fundi hawezi kuuponya mchoro mbaya. Kwa filamu ya Conan the Barbarian ya mwaka 1982, Ron Cobb alibuni na Jody Samson akatengeneza panga ambazo baadaye zilizalishwa tena na Albion kwa leseni, Samson mwenyewe akihusika. Ufundi ni halisi na chuma ni halisi, lakini mchoro ulidai ubapa mnene wa kumfaa jitu, na uzito ukawa wa jitu vilevile. Andúril ilipata bahati: waliochora sura yake walizifahamu panga zilizowahi kubebwa vitani.

Hukumu

Kiwanda kina ushindi wake. Chenye leseni hupima upanga wa filamu wenyewe, ilhali fundi wa mbali hukisia kutokana na picha, na maandishi ya kwenye ubapa yanaweza kutoka sahihi zaidi kwenye nakala ya kiwanda. Kwa anayeishi Tanga au Mombasa, hewa ya bahari itautia madoa upanga wa chuma cha springi usiopakwa mafuta, na ala ya ngozi itayahifadhi maji badala ya kuyazuia. Kwa pambo la sebuleni, wa kiwandani unatosha, na bei yake haitakunyima usingizi.

Anayetaka upanga wa kuushika amuulize muuzaji maswali matatu: ni chuma gani, kimepitishwa motoni vipi, na msuka una upana gani na umefungwaje. Akikwama kwenye la tatu, unachonunua ni picha. Hata panga la shambani la bei ya kawaida lina msuka mpana kama mpini wake, umebanwa kwa ribiti zinazopenya upande hadi upande. Kwa kipimo hicho liko karibu na kazi ya Lyon kuliko nakala nyingi zinazong'aa dukani.

Na kama tayari umeutundika wenye fito ya kuchomelea, uache ukutani. Usiuzungushe hata kwa mzaha mbele ya wageni. Ubapa ukichomoka, mpini ndio utakaobaki mkononi mwako, na chuma cha mita moja kitakuwa kimeshafika kwa aliyesimama mbele yako.